Fundi akianguka kutoka paani kwako, nani atalipa?

Swali hili wengi huliuliza baada ya ajali. Liulizwe kabla ngazi haijaegemezwa ukutani.

Mkandarasi anahitaji bima mbili. Ya kwanza ni ya dhima kwa watu wengine: tofali likimwangukia mpita njia, au bomba likipasuliwa na maji yakaharibu nyumba ya jirani, hiyo ndiyo hulipa. Ya pili ni ya fidia kwa wafanyakazi wake wanaoumia kazini. Wenye nyumba wengi huonyeshwa ya kwanza wakaridhika, ilhali kwa kawaida haimhusu kibarua wa mkandarasi aliyevunjika mguu. Kama ya pili haipo, kibarua huyo anaweza kukudai wewe.

Fundi akisema "bima ninayo", mwombe cheti. Kisha ipigie simu kampuni ya bima kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye cheti. Uliza kama bima iko hai, itaisha lini, na inahusu kazi gani. Hilo la mwisho husahaulika sana, nalo ndilo linaloumiza watu. Bima ya fundi rangi huenda isihusu kazi ya juu ya paa. Nyingine huacha nje kazi za moto, kama kuchomelea. Na mkandarasi akigawa kazi kwa mafundi wengine, nao waonyeshe vyeti vyao.

Bima yako ya nyumba usiitegemee kwa kila kitu. Kwa kawaida hailipi gharama ya kurekebisha kazi iliyofanywa vibaya. Pia ukibomoa kuta au ukihama kupisha ukarabati bila kuitaarifu kampuni, dai lako linaweza kukataliwa.

Wapo wanaoona nafuu kukusanya vibarua na kuwasimamia wenyewe. Hapo tahadharini sana. Sheria za nchi nyingi hazitazami mtu anaitwaje, hutazama nani anaiongoza kazi. Ukipanga saa, ukatoa vifaa na kuelekeza kazi ifanywe vipi, unaweza kuhesabiwa kuwa mwajiri, na fidia ikawa juu yako. Zungumza na kampuni yako ya bima kwanza. Nyingine huuza kinga ya muda kwa ajili ya kazi kama hiyo.

Ngazi yako yenye kipago kilicholegea usimwazime fundi. Na kama unajua mbao za dari zimeoza, au kuna waya wenye umeme ulio wazi, mwambie kwa maandishi kabla hajapanda.