Umeme kuvuja kwenye hita ya maji: si shoti, na haupimwi kama shoti

Neno "shoti" tumelibebesha mzigo mkubwa. Nyaya mbili zikigusana, cheche zikaruka na breka ikakata, tunasema shoti. Mtu akishika friji mkono ukaruka, kapigwa shoti. Na bomba la bafuni likianza kuwasha vidole, fundi anaambiwa "hita ina shoti". Hilo la mwisho lina jina lake: ni umeme kuvuja. Ninasisitiza jina kwa sababu anayetafuta shoti haoni kitu, na akishaondoka mwenye nyumba anaendelea kuoga.

Umeme wa nyumbani unaingia kwenye kifaa kwa waya wa layivu na kurudi kwa waya wa nyutro. Kiasi kinachokwenda lazima kiwe sawa na kinachorudi. Hita ya wati 1500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampea 6.5 hivi, na hizo 6.5 zote zinatakiwa zirudi kwenye nyutro. Umeme umevuja pale sehemu yake inapotoroka njiani na kutafuta ardhi kwa njia nyingine: bati la tangi, bomba, maji, ukuta wenye unyevu, au mtu aliyesimama pekupeku kwenye sakafu iliyolowa. Shoti ni layivu na nyutro kukutana bila kizuizi, ampea zikapanda ghafla hadi mamia na breka ikakata papo hapo. Kuvuja ni kidogo kidogo, na maji yanaendelea kupata moto kama kawaida.

Hapo ndipo breka inapokosa msaada. Breka ya ampea 16 imewekwa kulinda waya usiungue, haikuwekwa kumlinda mtu. Mwili unaanza kuhisi umeme chini ya miliampea moja, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea. Kwenye miliampea 10 misuli ya mkono inaweza kukaza ukashindwa kuachia bomba. Zikifika 30 na zaidi zikapita kifuani, moyo uko hatarini. Ampea 16 ni zaidi ya mara 500 ya miliampea 30, kwa hiyo breka inaweza kukaa juu, haina habari, mtu ameshaanguka.

Kinachouona umeme unaovuja ni kifaa kingine, kile chenye kitufe kidogo cha T, ambacho kwenye kasha lake huandikwa RCD au RCCB. Chenyewe kinalinganisha kinachokwenda na kinachorudi, basi. Tofauti ikikaribia miliampea 30, kinakata. Kikikata mara kwa mara kuna kitu kinavuja, na hapo ndipo watu wengi wanapokasirika na kifaa badala ya kukasirika na uvujaji.

Mwaka juzi mama yangu mdogo, anayekaa Morogoro, alinipigia simu: "Mwanangu, bomba la bafuni linaniuma." Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu fundi alipotengeneza ile swichi iliyokuwa ikizima nyumba nzima kila asubuhi. Tangu siku hiyo haikuzima tena, ila bomba ndiyo likaanza kuuma, naye akawa anaoga na kandambili za mpira. Nilimwambia azime breka ya hita, asiiguse mpaka nifike.

Nilipofungua kifuniko cha chini cha hita, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa waya wa kijani na njano, ule wa ardhi ambao mafundi tunauita ethi. Ulikuwa umekatwa, ukakunjwa, ukafungwa tepu nyeusi vizuri kabisa. Nikaelewa kila kitu. Hita ilikuwa inavuja, umeme ukawa unaenda ardhini kwa ethi, RCD ikaona tofauti ikakata. Fundi akaiondolea ethi, umeme ukakosa njia, RCD ikanyamaza. Lakini uvujaji ulikuwa palepale. Sasa bati la tangi lilikuwa limebeba umeme, na mabomba ya nyumba ile ni ya plastiki, kwa hiyo njia iliyobaki ya kufika chini ilikuwa maji na mwili wa mama yangu mdogo. Alikuwa anahisi miliampea chache. Kilichomwokoa na zaidi ya hapo ni zile kandambili, na RCD ambayo bahati nzuri haikung'olewa.

Uvujaji wenyewe mara nyingi uko kwenye elementi. Elementi ndiyo inayochemsha maji: ni waya wa nikromu uliosokotwa, umefungiwa ndani ya kibomba cha shaba au cha chuma kisichoshika kutu, katikati pameshindiliwa unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu. Unga ule ni wa ajabu: unapitisha joto vizuri na unazuia umeme vizuri, mradi uwe mkavu. Ukinyonya unyevu unaanza kupitisha umeme. Na unyevu unaingiaje? Maji yenye chokaa yanajenga gamba juu ya kibomba, joto likose pa kutokea, kibomba kichoke na kupasuka. Maji ya kisima yenye chumvi yanakila polepole mpaka kinatoboka tundu usiloliona kwa macho.

Sasa upimaji, na hapa ndipo yule fundi wa kwanza alipopotea. Mama alinieleza kwamba alipima elementi akasema nzima. Hakudanganya. Nami nilizima breka, nikahakikisha kwa mita kwamba umeme haupo kabisa, nikatoa nyaya zote mbili kwenye elementi, nikaweka vijiti vya mita kwenye ncha zake mbili kupima ukinzani, yaani jinsi inavyouzuia umeme: omu 35. Elementi ya wati 1500 inatakiwa isome hivyohivyo, volti 230 mara 230, gawanya kwa 1500. Lakini kipimo hicho kinajibu swali moja tu, kama waya wa ndani umekatika. Hakisemi lolote kuhusu unga. Kujua kama inavuja, kijiti kimoja kinabaki kwenye ncha ya elementi na kingine kinawekwa kwenye bati la tangi. Elementi nzima haitakiwi kusoma kitu hapo. Ile ilisoma omu 18,000. Kwa volti 230 hiyo ni karibu miliampea 13, tena ikiwa baridi. Ikipata moto ufa unafunguka na kiasi kinapanda, ndiyo maana swichi ilikuwa ikizima asubuhi hita ikishawaka dakika kadhaa.

Mita ya kawaida inapima kwa volti chache za betri, na kuna elementi zinazojificha kwake. Mwenye shaka apime kwa mega, mita maalumu ya kupimia uvujaji, inayosukuma volti 500. Sakiti ya nyumbani inatakiwa isipungue megaomu 1, yaani omu milioni moja.

Kama kuondoa elementi hakumalizi tatizo, tazama nyaya zilizoletwa kwenye hita. Nimekuta layivu na nyutro zimepishana, swichi ya ukutani ikawa inakata nyutro tu. Mtu anazima, taa nyekundu inazimika, kumbe elementi bado ina layivu na inaendelea kuvuja. Dalili yake ni bomba kuwasha hata hita ikiwa imezimwa. Swichi ya hita inatakiwa ikate nyaya zote mbili. Na mara chache hita haina kosa lolote: pampu ya kisima ndiyo inayovuja, na umeme wake unasafiri kwa ethi ya nyumba nzima hadi bafuni.

Ethi nayo ina mpaka wake, na hili hata mafundi wanabishana. Nyumba nyingi kwetu zinategemea nondo iliyochimbiwa nje. Tuseme ukinzani wake na udongo ni omu 100, jambo la kawaida ardhi ikikauka. Layivu ikigusa tangi moja kwa moja, zitapita ampea 2.3 tu. Breka haitakata, na tangi litabaki na karibu volti zote 230. Kwa hiyo ethi bila RCD haitoshi, na RCD bila ethi inasubiri mtu aguse kwanza ndipo ijue.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Ya mwenye nyumba ni kuzima breka na kueleza kwa usahihi: linawasha lini, hita ikiwa imewashwa au imezimwa, na swichi ipi ilikata.

Kwa mama mdogo nilifunga elementi mpya na gasketi yake, nikarudisha ethi, nikapima upya mpaka mita isisome kitu. Nikamwita aje abonyeze kile kitufe cha T mwenyewe. Nyumba ikazima, akashtuka. Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa, na abonyeze hivyo kila baada ya miezi mitatu. Akachukua kalamu, akaandika tarehe ukutani pembeni ya meni swichi.