Hakuna mtu aliyetuajiri

Machi 2025 mlinzi wa kanisani kwetu aliniambia kuna kaka anakaa kwenye benchi chini ya mwembe kila siku, kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka alasiri. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, begi la kompyuta liko mapajani. Mlinzi alidhani ni mjumbe anasubiri kikao. Nilipomfuata nilimkuta na andazi moja kwenye kipande cha gazeti, analimega kidogo kidogo ili lifike mchana. Akainuka haraka. "Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji." Tukaongea habari za kwaya, tukaongea habari za mvua. Ndipo akafunguka: mradi wa afya aliokuwa akiufanyia kazi ulifungwa baada ya misaada ya Marekani kusimamishwa mwezi Januari, barua yake ilikuwa na aya tatu tu, na mke wake alikuwa bado hajui. Wiki sita nzima alikuwa akiaga nyumbani kama kawaida, anapanda daladala kama kawaida, kisha anashuka kanisani.

Ameniruhusu nisimulie, mradi jina lisitajwe. Mimi usharikani nashughulika na ushauri na diakonia, yaani huduma kwa wenye shida, na kabla ya chuo cha theolojia nilikuwa mhasibu, nikapunguzwa kazini. Kwa hiyo benchi lile nalijua. Langu lilikuwa ufukweni, tena wakati wa kusi, mchanga unaingia mpaka kwenye soksi.

Watu wanadhani aliyeachishwa kazi anaanza kuumwa na njaa. Hapana, anaanza kuumwa na aibu. Njaa huja baadaye na hukuta aibu imeshaweka vizuizi njia zote za msaada. Kanisani aibu hiyo ina kituo chake, nacho ni bahasha ya ahadi. Mtu alizoea kutumbukiza bahasha yake kila Jumapili, sasa haina kitu. Wiki ya kwanza anaipeleka na noti moja. Wiki ya tatu anahamia benchi la nyuma. Baada ya hapo anahamia ibada ya alfajiri ambako hamfahamu mtu, na mwisho haji kabisa, nasi tunasema amepoa kiroho. Nimeuona mwendo huo mara nyingi mno. Siku hizi nikimwona mwanakwaya ameketi karibu na mlango, simuulizi habari za maombi. Namuuliza habari za kazi.

Kwa watu wa benchi hilo, mahali ninapopenda kufungua Biblia si Ayubu. Ni Mathayo 20, mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna bahati hapa, kwa sababu saa za mfano ule ni saa zetu zilezile, zinahesabiwa tangu jua linapochomoza. Mwenye shamba anatoka alfajiri, anatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwishowe saa kumi na moja. Hatuhitaji mtu wa kutufafanulia. Saa kumi na moja jioni vibarua waliobaki kijiweni wanakuwa wameshakunja mifuko yao, na aliyebaki pale anajua kabisa kwamba leo haendi na unga nyumbani.

Mwenye shamba anawauliza mbona wamesimama mchana kutwa bila kazi. Jibu lao ni fupi: "Kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri." Nimehubiri sura hii kwa miaka kadhaa kabla sijalisikia jibu lile vizuri. Hawaombi radhi. Hawasemi walikosa imani, wala hawatafuti laana ya ukoo. Wanasema kilichotokea, basi. Na mwenye shamba hawakemei. Anawaambia nao waende shambani. Kulipokuchwa analipa, kama Torati ilivyoagiza kwamba kibarua apewe ujira wake kabla jua halijachwa, na kila mmoja anapata dinari. Dinari ilikuwa ujira wa kutwa. Wa alfajiri wananung'unika, na kwa hesabu za kihasibu wana hoja. Mimi mwenyewe ningeandika barua. Lakini watoto wa yule wa saa kumi na moja hawali robo ya mkate kwa sababu baba yao alichelewa kuitwa. Bei ya unga ni ileile. Mwenye shamba aliangalia tumbo la nyumbani, hakuangalia daftari la mahudhurio.

Ndiyo maana huwa nasema hatua ya kwanza ya imani kwa aliyepoteza kazi ni kutamka sentensi ile mbele ya mtu mmoja. Kwa yule kaka mtu huyo alikuwa mke wake. Alimwambia jioni ileile, na mama yule alikasirikia wiki sita kuliko alivyokasirikia kazi.

Wiki sita zile zilimgharimu kingine pia. Ukiachishwa kazi Tanzania Bara na unaona hukutendewa haki, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao kwanza. Huyu hakushauriwa na mtu, na siku 30 zilikuwa zimemwishia chini ya mwembe. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na kumficha mke si sababu itakayomgusa mwamuzi. Kiinua mgongo kilikuwa bado kinadaika: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, hadi miaka 10. Yeye alikuwa na miaka 6, yaani siku 42. Kuna na fao la kukosa ajira kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, ambalo aliyeacha kazi kwa hiari yake halipati. Basi, mpendwa, ukiletewa karatasi ya kujiuzulu "ili mambo yaishe vizuri", usisaini siku hiyohiyo. Nenda nayo nyumbani, iombee, na kumwonyesha anayejua sheria si upungufu wa imani.

Sasa niseme linaloniudhi. Mtu akishapata hizo siku zake 42, watu wa kwanza kuzinusa ni wawili: mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa mno, na mtumishi anayetaka upande mbegu, yaani umpe fedha, ili upate upenyo. Wa kwanza angalau hajifichi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zisizo na kibali, na mtu anaweza kuisoma akajihadhari. Wa pili anakuja na mjane wa Sarepta, yule ambaye unga wake haukuisha baada ya kumlisha nabii Eliya wakati wa ukame. Anakuambia Eliya alisema "nifanyie kwanza mkate mdogo", kwa hiyo leta kwanza. Soma mpaka mwisho wa habari, 1 Wafalme 17. Unga ule haukuhamia nyumbani kwa nabii. Pipa lilibaki kwa mjane, na Eliya alikula pamoja na nyumba ile siku nyingi, mgeni aliyekimbia ukame baada ya kijito chake mwenyewe kukauka. Nabii aliyekuwa hana chakula alikutana na mama aliyekuwa anaokota kuni za kupikia mara ya mwisho, wakala chungu kimoja. Anayekuambia uuze friji umpelekee fedha, na yeye hali chungu kimoja nawe, hajasoma sura hiyo.

Swali la fungu la kumi huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mlangoni mwa ofisi mtu akiwa ameshaaga. "Mchungaji, na zaka?" Fungu la kumi ni la mapato, asiye na mapato hadaiwi. Tena Kumbukumbu la Torati 14 inaagiza zaka ya mwaka wa tatu iwekwe malangoni, aje Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale washibe. Yaani kuna kipindi unasimama upande wa kuleta na kuna kipindi unasimama upande wa kula, na pande zote mbili ziko ndani ya agizo moja. Wapo wazee wa kanisa wanaoniletea 2 Wathesalonike 3:10, asiyefanya kazi asile. Nawarudisha kwenye mstari. Paulo ameandika mtu "hataki" kufanya kazi. Hataki na hajapata ni maneno mawili, hata mtoto wa Shule ya Jumapili anayatofautisha.

Baada ya habari ya mwembe, tuliacha kumsubiri mtu aje kujieleza. Jumuiya mbili zilichanga mchele, maharage na mafuta. Vikawekwa stoo, na anayechukua haandikwi jina. Kwenye matangazo ya Jumapili tukaongeza mstari mmoja: wanaotafuta kazi, na wenye kazi ya kutoa hata ya siku moja, tunakutana ofisini Jumanne saa kumi na moja jioni. Saa ile niliichagua mimi, na katibu hakuniuliza kwa nini.

Jumanne ya kwanza walikuja wanne. Kaka wa mwembe alikuja na kompyuta yake, akakaa pembeni anawaandikia wenzake barua za maombi ya kazi, na dada mmoja fundi cherehani alitaka msaidizi wa kukata sare za shule kwa wiki mbili. Saa kumi na mbili kasorobo, tukiwa tumeshafunga kwa sala, baba mmoja ambaye alishapita mlangoni mara mbili bila kuingia alichungulia, bahasha ya kaki mkononi, akauliza kama amechelewa sana. Mama wa usharika alikuwa anaosha vikombe. Akakifuta kimoja, akakitia chai.