Je, wajua kwa nini Ukristo na theosofia, yaani fundisho la hekima ya kiroho ya kale, haviivi chungu kimoja?

Chama cha Theosofia kilianzishwa New York mwaka 1875 na Helena Blavatsky, mwanamke mzaliwa wa Dola ya Urusi, pamoja na Henry Olcott na wenzao. Kaulimbiu yao ilisema hakuna dini iliyo juu ya ukweli. Maneno ya amani, utadhani. Lakini ndani yake mlikuwa na dai zito: kwamba dini zote zimechota katika hekima moja ya kale, na kwamba makanisa yameisahau.

Blavatsky hakuwa mtu wa kuuma maneno. Mwaka 1887 alianzisha jarida jijini London akaliita Lucifer, yaani mleta nuru. Wakristo wengi walisikia jina la Shetani tu. Desemba mwaka huohuo jarida hilo lilimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury barua ya wazi, likidai mafundisho ya makanisa karibu yote yanapingana na ya Yesu mwenyewe.

Olcott na Blavatsky waliupokea Ubudha hadharani huko Ceylon (leo Sri Lanka) mwaka 1880, na Olcott akahimiza shule za Kibudha zishindane na zile za wamisionari. Upande wa Wakristo nao haukukaa kimya: mwaka 1884 gazeti la Chuo cha Kikristo cha Madras, India, lilichapisha barua zilizodaiwa kuwa za Blavatsky, zikionyesha kwamba miujiza yake ilikuwa hila. Yeye alisema zimeghushiwa.

Kashfa, hata hivyo, hupita. Kisichopita ni suala la msamaha, na kwangu hapo ndipo kiini cha ugomvi. Theosofia hufundisha karma: kila tendo lina malipo, na aliyelitenda atayapokea mwenyewe, kama si maisha haya basi yajayo. Katika The Key to Theosophy (1889) Blavatsky alikataa kabisa kwamba mtu asiye na hatia aweza kubeba dhambi za mwingine. Aliona imani hiyo inamlegeza mkosaji, na tena humsahau aliyekosewa. Ni hoja inayostahili jibu, na Wakristo wanalo: msamaha haufuti wajibu wa kutubu, bali humpa mwanadamu mlango ambao hesabu ya madeni haiwezi kumfungulia. Huongeza kwamba mtu hufa mara moja kisha hukumu (Waebrania 9:27), na kwamba ni ukatili kumwambia anayeteseka kuwa analipa makosa asiyoyakumbuka. Wanatheosofia nao humnukuu Paulo, kwamba apandacho mtu ndicho atakachovuna.

Mzozo wa pili ni kuhusu Kristo. Annie Besant, mwanatheosofia aliyewahi kuwa mke wa kasisi wa Kianglikana, alifundisha katika Esoteric Christianity (1901) kwamba Yesu alikuwa mwanafunzi aliyemwachia Kristo, mwalimu mkuu, mwili wake autumie. Baadaye yeye na mwanatheosofia mwenzake Charles Leadbeater walimtangaza kijana Mhindi, Jiddu Krishnamurti, kuwa chombo kipya cha mwalimu huyo. Rudolf Steiner, kiongozi wa wanatheosofia wa Ujerumani, alilikataa jambo hilo, kwa kuwa kwake Kristo alikuja katika mwili mara moja tu. Mgogoro huo ulichangia kumtenga na chama. Julai 1919 Roma iliwakataza Wakatoliki kujiunga na vyama vya theosofia na kusoma vitabu vyao. Krishnamurti mwenyewe aliukana wadhifa huo wa kuwa chombo cha mwalimu mwaka 1929.