Kuamka usiku kukojoa: ni sukari au kitu kingine?

Naamka mara tatu, nne kwa usiku. Ndiyo kisukari?

Huenda, ila si lazima. Figo hurudisha karibu sukari yote kwenye damu, mpaka kiwango kikifika kama 10 mmol/L (180 mg/dL). Kikipita hapo zinazidiwa: sukari inamwagikia kwenye mkojo na kuvuta maji. Mkojo unakuwa mwingi, kiu inafuata. Kwa hiyo kujinyima maji hakutibu kitu, utajikausha tu.

Pima kiasi. Kwa siku 3 kojoa kwenye chombo chenye alama za mililita, andika saa na kiasi. Mkojo wa kwanza wa asubuhi uhesabu kuwa wa usiku. Ukitoa 350 au 400 kila safari, fikiria sukari, vinywaji vya jioni, au miguu iliyovimba mchana (ukilala, maji yake hurudi kwenye damu). Ukitoa 80 au 100 huku umebanwa au unaungua, shuku kibofu, maambukizi ya njia ya mkojo au tezi dume.

Sisimizi wamejaa nilipokojoa. Si kipimo tosha?

Hapana. Sukari huonekana kwenye mkojo ikishavuka ile 10, na kisukari huanzia chini yake: 7.0 au zaidi baada ya kukaa saa 8 bila kula. Kama huna dalili, kipimo hurudiwa siku nyingine. Thibitisha maabara, mashine ya nyumbani ni ya kufuatilia. Na kabla ya kuchoma kidole, nawa kwa sabuni ukauke. Vidole vilivyotoka kumenya tunda vinaweza kutoa namba ya kutisha ambayo si yako.

Nimekunywa maji ya mdalasini na siki wiki mbili, mkojo umepungua. Nimepona?

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Sukari ikishuka kutoka 14 hadi 9, mkojo unatulia kwa sababu figo hazimwagi tena sukari nyingi. Lakini 9 kabla ya kula bado ni kisukari, na macho, figo na neva za miguu zinaendelea kuumia kimyakimya. Mara nyingi mtu ameacha soda siku ileile aliyoanza mdalasini, kisha sifa zote zinaenda kwa mdalasini.

Unga wa dawa za asili usio na lebo ni hatari zaidi. Baadhi umewahi kukutwa umechanganywa vidonge halisi vya kisukari: sukari inaporomoka, unatoka jasho, unatetemeka, unachanganyikiwa. Usiache insulini kwa ajili yake. Ukitapika, tumbo likiuma, ukihema kwa nguvu au ukisinzia ovyo, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sukari iko sawa, bado naamka.

Punguza kunywa muda wa saa 3 kabla ya kulala, hasa chai, kahawa na pombe. Miguu ikivimba, iinue alasiri. Kama dawa yako ya presha inakojoza, muulize daktari kama unaweza kuimeza asubuhi. Mwambie pia kama unakoroma na pumzi hukatika usingizini. Hilo nalo huongeza mkojo wa usiku.