Kumtumaini Mungu kimya si kuzibwa mdomo

Kwenye misiba ya wavuvi hapa Mwanza, mjane akiuliza "kwa nini?" hakosi wa kumkatiza: usimhoji Mungu, mwenye imani hunyamaza. Si kweli. Ayubu alilalamika, akailaani hata siku aliyozaliwa. Mwishowe Mungu aliwakemea marafiki zake waliojifanya wanajua sababu, akasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Walichofanya vizuri ni kukaa naye chini siku 7 bila neno. Kimya kilikuwa chao, si chake. (Wazee wa kanisa, mnasikia?)

Aliyefiwa meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, anaweza kusimama makaburini Igoma akauliza mpaka leo, na bado akawa anamtumaini Mungu. Wala mama anayemwombea mwanawe ziwani huku akimkazia kamba za jaketi la kujiokolea hajapungukiwa imani.