Nani anatuhesabia watoto?

Nikisema mimi ni mwanaanthropolojia ninayechunguza siasa za uzazi, wengi hapa Mombasa hudhani nimekuja kuuliza kama dini inaruhusu kupanga uzazi. Swali hilo lina jibu la zamani. Masahaba walifanya azli, yaani mume kumwaga manii nje ili kuzuia mimba, zama za Mtume, na Imamu Ghazali aliijadili akaihalalisha miaka 900 iliyopita. Masheikh wa mtaa wetu wa Kibokoni wanayajua haya vizuri.

Basi kwa nini mama aikatae sindano ya miezi mitatu ya kuzuia mimba akisema dini imekataza? Kazi yangu ni kukaa naye mpaka neno la pili litoke. Mara nyingi ni hili: kwani ni nani anayetuhesabia watoto?

Wauguzi huuita ujinga. Mimi naukataa uamuzi huo. Mwaka 1933, madaktari na walowezi wazungu waliunda chama Nairobi cha kuchunguza walichokiita uboreshaji wa mbari. Kinara wao, Dkt. H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alidai ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile. Miaka 34 baadaye, 1967, Kenya huru ikaanzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi, wa kwanza kusini mwa Sahara, kwa msaada wa wafadhili wa Magharibi. Mpango huu si mtoto wa chama kile, na kupishanisha mimba kunaokoa maisha ya akina mama. Lakini aliye kwenye foleni ya kliniki atajuaje, ikiwa hakuna aliyemweleza?

Wala si Waislamu peke yao. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki ndio walioituhumu chanjo ya pepopunda kuwa na homoni ya kuharibu uzazi, serikali ikakana.

Linaloniuma zaidi liko ndani ya nyumba zetu. Katika sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria, yaani mjakazi aliyezaa na bwana wake, akikubaliwa na babake ni huru, na hurithi sawa na nduguze. Utumwa pwani yetu ulikomeshwa 1907. Hata hivyo posa bado huvunjika Mji wa Kale kwa neno moja: kufu, yaani usawa wa nasaba kati ya mume na mke; mwenye asili ya utumwa huambiwa si kufu. Bibi mmoja, aliyekuwa amezungumza nami kuhusu sindano kwa saa nzima bila kusita, nilipomuuliza posa ya mjukuu wake ilikwama wapi, alinyamaza kwanza.

"Zima hiyo simu, mwanangu," akasema.

Nikaizima.