Mdai kiti: ufunguo wa riwaya za fantasia zenye vita vya urithi

Mdai kiti ni mtu anayeshikilia kwamba kiti cha enzi ni haki yake, ilhali mwingine amekikalia au wengine nao wanakitaka. Katika zile riwaya nene za fantasia, zenye ramani mwanzoni na orodha ya koo mwishoni, wadai huwa watatu, wanne, hata watano. Msomaji hupotea kwa sababu anahangaika kukariri watu. Afuate hoja zao. Kila mdai amesimama juu ya kanuni fulani ya urithi, na kanuni zenyewe ni chache: mtoto wa kwanza, mwanamume wa karibu kwa damu, aliyeteuliwa na marehemu, aliyechaguliwa na wakuu, aliyeshinda kwa upanga. Vita huanza pale kanuni mbili zinapotoa majina mawili.

Uingereza ya mwaka 1135 inaonyesha jambo hili waziwazi. Mfalme Henry I alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume wa ndoa, William, naye alikufa maji meli ilipozama mwaka 1120. Basi mfalme akawaapisha makabaila kwamba watamkubali bintiye, Matilda. Henry alipofariki Desemba 1135, Stephen, mtoto wa dada yake, aliwahi London, akapata hazina ya Winchester kwa msaada wa nduguye aliyekuwa askofu wa huko, akatawazwa kabla ya Krismasi. Matilda ana kiapo. Stephen ana taji, na ni mwanamume. Kwa kanuni ya damu, hata hivyo, Stephen alikuwa na kaka mkubwa, Theobald, ambaye wakuu wa Normandy, eneo la Ufaransa ambalo Henry naye alilitawala, walikuwa karibu kumchagua habari za kutawazwa zilipowafikia. Na mtoto wa nje ya ndoa wa marehemu, Robert wa Gloucester, jemadari hodari, hakuwa na dai lolote. Akawa mkono wa kulia wa dada yake.

Hapo tayari ni watu wanne, na bado mke wa Stephen naye aliitwa Matilda. Majina kujirudia ndani ya ukoo ni jambo la kawaida, na waandishi wa fantasia huliiga kwa makusudi. Ndiyo maana karatasi moja na penseli husaidia kuliko kurudia sura. Gawa safu nne: jina pamoja na vyeo vyote (mtu mmoja huitwa kwa jina, kwa ukoo na kwa eneo analotawala), kanuni anayoitegemea, nani wamemwapia, na anashika nini, yaani ngome, hazina au mateka. Safu ya tatu ndiyo hubadilika sana. Usifute kiapo cha zamani, kikate kwa mstari mmoja, kwa sababu usaliti wa sura ya thelathini hueleweka tu ukikumbuka kiapo cha sura ya tano.

Ushahidi wa kitandani, yaani maneno yanayodaiwa kusemwa na mfalme anayekufa, uwekee alama ya kuuliza. Mwaka huo wa 1135 kabaila mmoja, Hugh Bigod, aliapa kwamba mfalme alibadili nia akiwa mahututi, na neno hilo likamfaa sana Stephen. Mwandishi mjanja hukupa shahidi wa aina hiyo mapema, kisha hukuacha umwamini kwa kurasa mia tatu.

Kosa jingine ni kudharau watoto wanaotajwa kwa sentensi moja. Stephen alitekwa vitani Lincoln mwaka 1141, akabadilishwa na Robert aliyekamatwa baadaye mwaka huohuo, na vita vikaendelea bila mshindi. Mwaka 1153 Eustace, mwana wa Stephen, akafa, naye Stephen akakubali mtoto wa Matilda awe mrithi. Mtoto huyo, aliyekuwa na miaka miwili tu babu yake alipofariki, alitawazwa 1154 kama Henry II. Kwa hiyo kwenye karatasi yako acha nafasi chini ya kila mdai kwa ajili ya wanawe na umri wao.